Pombe ya Matanga ya Ladislas

Je, umewahi kuosha maiti ya mtu ambaye siku aliyozaliwa ulimwogesha wewe? Mimi nilimwosha mjukuu wangu Ladislas hapa Nakivale, kambi yetu ya wakimbizi Uganda, kwa beseni la bluu lenye ufa na sabuni ya kipande. Waliomleta kutoka Mbarara walisema aligongwa na pikipiki. Miguu ilikuwa mizima, magoti hayana mkwaruzo. Ila vifundo vya mikono vilikuwa na alama za kamba, huku na huku.

Mke wake, Belyse, alikuwa mlangoni akaona.

"Bibi, hiyo ni pikipiki gani inafunga watu?"

"Nyamaza, mama. Una mtoto mgongoni."

Sote tulijua. Ladislas alikuwa ndani ya chama cha vijana wanaotaka kurudi Burundi na bunduki. Walikutana Mbarara, nyuma ya gereji. Walipoanza kuchukua watoto wa shule wawape bunduki, akaenda kuwaambia polisi, na wawili wa chama wakakamatwa. Baadaye yeye naye hakurudi nyumbani.

Belyse alitaka kitu kimoja tu, isemwe mbele ya watu kwamba mume wake aliuawa. Katekista alisali juu ya "ajali". Majirani walikaa kidogo, wakaaga. Nani anataka kuonekana akimlilia mtu wa polisi?

Siku ya kuondoa matanga nilipika pombe ya mtama, nzito, yenye povu la kahawia, nikaweka chungu katikati. Kwetu, ukimpa mtu mrija mnywe chungu kimoja, umesema hamna ugomvi. Ndipo akaingia Anselme, mkuu wa kile chama, shati limepigwa pasi.

"Pole sana, Bibi. Hii barabara ya Kaberebere, madereva wake wote vipofu. Mmetubakizia hata povu?"

Watu wakacheka, macho chini.

Nilionja kwanza kama inavyopaswa, nikampa Belyse mrija ampelekee mgeni. Nikamnong'oneza, "Mpe tu, mama. Tunaishi nao hapa."

Anselme alishainama juu ya chungu, mkono ameunyoosha. Belyse akabaki na mrija mkononi. Hakupaza sauti.

"Ladislas hakugongwa, Anselme. Mulimufunga kamba, mukamuua. Nilitaka watu wote wasikie."