Waliokufa Mwaka Ule

"Nipe hiyo telegramu, Dzombo!"

"Kwanza nitajie waliokufa mwaka wa arobaini na nne kabla ya Kristo."

"Una wazimu wewe? Babangu mgonjwa kule Bodo!"

"Na mamangu alikuwa mgonjwa Kinango. Barua ya kuniita nyumbani ukaitia mfukoni, ukaniambia, 'Maliza somo kwanza.' Nikakutajia wote, mwalimu. Nikafika kwetu, keshazikwa."

Uhuru ulikuwa na miezi minne, na Dzombo alikuwa na wiki mbili tu kazini posta. Alisimama mlangoni kwa Mwalimu Suleiman na kofia yake mpya, na shikamoo alimnyima makusudi.

"Kaisari," mwalimu alisema. "Alichomwa visu, mwezi wa Machi. Na... na Ptolemi, mfalme wa Misri."

"Endelea. Mimi sikuachiwa njiani."

"Mwanangu, nakuomba kwa jina la Mungu."

Nje basi la Msambweni, njia ya Bodo, likapiga honi, likaondoka. Dzombo alilisikiliza mpaka likapotea, ndipo akaingia, akaiweka telegramu mezani.

"Wanamzika alasiri," alisema. "Basi jingine ni kesho."

Akatoka, akaufunga mlango.