Kona Niliyoikunja Kabatini

Usiku wa kuamkia leo niliota kabati langu la vyombo limeitwa kukaguliwa.

Lilikuwa na magurudumu manne na usukani, nami nilikuwa nimekaa kwenye rafu ya chini, nimevaa kitenge changu cha ibada. Sikushangaa. Mbele yangu palikuwa na foleni ya magari, na mwisho wa foleni alisimama mkaguzi. Mkaguzi alikuwa koni ya barabarani, ile ya rangi ya machungwa yenye mkanda mweupe, na alivaa miwani ya kusomea.

Niseme kwanza kilichonipeleka kule, maana ndoto hii haikuja bure. Binti yangu Aikande ni fundi wa magari. Mwaka mzima amekusanya vipuri akafufua gari dogo kuukuu, na leo Jumamosi ni siku ya uwanja. Watu hupeleka magari yao kwenye kiwanja cha ndege cha zamani, nje ya mji, wakayaendesha kwa kasi ndani ya uzio, mahali pasipo watoto wala ng'ombe. Si mashindano, na hakuna zawadi. Ila kila dereva lazima aje na fomu, na chini ya fomu mtu wake wa karibu awe ametia sahihi kwamba ameelezwa hatari zake.

Mtu wa karibu wa Aikande ni mimi. Fomu ilikaa siku tisa ndani ya daftari langu la darasa la jioni. Nilikuwa nimemwambia, "Nimekubali, mwanangu." Kila alipoiulizia nilijibu kwamba nitatia sahihi nikimaliza kusoma kijitabu cha sheria. Nilikuwa nimekimaliza mara tatu.

Karatasi ya mwisho ya mambo ya gari kuwekwa mbele yangu ilikuwa ya kumtoa baba yake mochwari. Elifuraha aligongana na lori kwenye kona ya mteremko, miaka sita iliyopita. Wakati huo sikujua kuandika. Niliweka dole gumba, na karani akanipa tambara la kufutia wino. Ndiyo sababu nilianza darasa la jioni.

Basi, koni akanitazama juu ya miwani.

"Shikamoo," nikasema, kwa kuwa sikujua umri wake.

"Marahaba. Kabati lina breki?"

"Lina kitasa."

Akaandika. "Kitasa kinatosha. Sasa fungua. Kila kitu ambacho hakijafungwa kinatoka nje. Ukikanyaga breki katika mwendo, hata kikombe kinageuka jiwe."

Hiyo ni sheria ya tatu, niliikumbuka. Nikatoa vikombe sita, chupa ya chai na mwavuli. Nikatoa kitabu cha nyimbo, ambacho kiliomba kibaki, kikaahidi kuimba polepole. Koni akakataa. Nikamtoa jirani yangu Ndeshukurwa, aliyekuwa amekaa nyuma ya sufuria akinihesabia ajali zote alizozisikia redioni. Alishuka bila kukatiza maneno yake, akaenda akiendelea.

"Na kile cha nyuma?" koni akauliza.

"Nyuma hakuna kitu."

"Mama."

Nikaingiza mkono nikavuta. Ilikuwa kona. Ile ile ya mteremko, na lami yake, na mtaro wake, na nyasi zilizolalia upande mmoja. Nilikuwa nimeikunja kama mkeka.

"Hii kona si ya uwanja huu," koni akasema.

"Ni yangu. Nimekaa nayo miaka sita."

Akavua miwani. "Pole sana, mama. Lakini huwezi kuingia na kona yako. Sisi tunazo saba, zinatosha. Iache hapa, utaikuta ukitoka."

"Hamtaitupa?"

"Mama, sisi hushinda juani tukizilinda. Tutupe kona?"

Nikamwachia. Akaishika kwa mikono miwili, ingawa sikuwa nimeona kama ana mikono.

Mara tuko darasani, kwenye yale madawati yetu ya jioni. Juu ya kila dawati imekaa helmeti, na koni yuko ubaoni na chaki.

"Sheria ya tano," anasema. "Hakuna anayempita mwenzake mpaka wa mbele amtolee mkono dirishani. Sehemu iliyonyooka tu, kamwe si kwenye kona. Wa mbele akishatoa mkono, anafanya nini tena?"

Ninanyoosha kidole. "Analegeza mguu kwenye mafuta."

"Vizuri. Kwa nini?"

Sijui kwa nini. Hapo nilikuwa nimesoma bila kuuliza. Helmeti ya dawati la mbele inanigeukia. "Kwa sababu mkono ukisema pita na mguu ukasema baki, yule wa nyuma aamini kipi?"

Darasa zima linacheka, kicheko cha watu wapole. Mimi sicheki.

Helmeti ile ile inaruka na kutua kichwani mwangu. "Mimi ndiye mwalimu wako wa leo," inasema. "Nimekubana?"

"Kidogo."

"Ndivyo inavyotakiwa."

Ukuta wa darasa ukafunguka, tukaingia uwanjani, nami nimo tena kabatini mwangu. Nikafumba macho niombe.

"Macho!" helmeti ikasema.

"Naomba."

"Omba, mama, lakini tazama mbele. Mungu atakusikia hivyo hivyo. Kona ya kwanza ndiyo isiyokungoja."

Nikaomba na macho yangu wazi, kwa mara ya kwanza maishani, huku nikiyaona yote ninayoyaombea.

Kwenye kona ya kwanza walisimama watu wawili wenye vizibao vya njano, mikononi bendera. Nikatoa mkono dirishani. "Habari za kazi!" Papo hapo cherehani ikanipita kwa kasi.

"Umetoa nini?" helmeti ikauliza.

"Salamu."

"Hapa mkono nje ni ruhusa."

Kwenye kona ya pili nikasahau tena, maana walikuwa watu wazima na sikuweza kuwapita kama mawe. Wazee wanne wa kanisa wakanipita, wote juu ya baiskeli moja. Wa mwisho aliinua kofia kunishukuru.

"Sasa watu hawa nitawasalimu saa ngapi?"

"Mzunguko wa mwisho, ule wa kupoza injini. Hapo wote hupungiana."

"Mpaka huko nipite kimya? Watasema nimelelewa wapi?"

"Wanaelewa, mama. Mikono yote kwenye usukani."

Nikaushika usukani kwa mikono yote, lakini roho iliniuma.

Kona ya tatu ilikuwa jikoni kwangu. Tulipita kati ya jiko na ndoo ya maji, na mlangoni palikuwa na bendera ya bluu inapepea. Niliitambua kabla haijasema. Ilikuwa imekatwa kwenye ovaroli ya Elifuraha. Mfuko ulikuwa bado upo, na kiraka nilichokishona kwa uzi mwekundu siku ile uzi wa bluu ulipoisha.

"Mama Aikande," bendera inasema. Haina sauti ya Elifuraha. Ina sauti ya nguo iliyoanikwa siku ya upepo. "Nyuma yako kuna mtu mwenye kasi kuliko wewe."

"Namwona."

"Tangu lini?"

"Tangu Alhamisi ya wiki iliyopita."

"Na?"

"Nimeshamtolea mkono."

"Mkono niliuona," bendera inasema.

Kioo changu cha kutazamia nyuma kilikuwa mfuniko wa sufuria. Nikatazama. Aikande alikuwa pale na kigari chake. Hakupiga honi. Hakuniwashia taa. Hakunikaribia hata nikahisi joto lake. Alibaki kwa nafasi, kabati langu likienda mwendo wa mtu anayetoka kisimani na ndoo kichwani, na nyuma yake foleni ndefu ya magari yakimngoja yeye anayeningoja mimi.

"Mtolee," helmeti ikanong'ona. "Njia imenyooka."

Nikatoa mkono kwa moyo wangu wote. Nikauona mkono wangu ukisema pita. Kisha nikatazama chini nikauona mguu wangu umekandamiza mafuta mpaka kwenye ubao. Kabati likaruka mbele, kitasa kikalia. Aikande alikuwa ameshaanza kutoka pembeni. Akaona ninaongeza mwendo, akarudi nyuma yangu taratibu, akangoja tena.

Bendera nyeusi ikanyooshwa kunielekea. Maana yake umeitwa, ingia ndani.

Koni alikuwa ananisubiri. Hakufoka.

"Sheria ya tano, mama."

"Nilitoa mkono."

"Na mguu?"

"Mguu una mambo yake."

"Unasemaje huo mguu?"

Nikauliza mguu. "Unasema akinipita sitamwona tena kwenye mfuniko."

"Atakuwa wapi?"

"Mbele."

Koni akafungua karatasi zake. "Mfuniko wa sufuria una upana wa shibiri moja. Kioo cha mbele cha kabati lako nimekipima mwenyewe asubuhi, kina shibiri tano. Wapi utamwona vizuri?"

Nikamwuliza jambo nililokuwa nalo miaka sita. "Ile kona yangu. Siku ile, nani alikuwa amesimama pale na bendera?"

Akapekua karatasi polepole, mbele na nyuma. "Hapakuwa na mtu."

"Hata mmoja?"

"Hata mmoja, mama."

"Na hizi zenu saba?"

"Wawili kila kona. Mmoja anatazama yanayokuja, mwenzake anatazama yaliyopita. Gari la wagonjwa lile pale, na dereva wake tumemnyima ruhusa hata ya kwenda kunywa chai."

Nikaketi kwenye rafu yangu. Tangu Elifuraha aondoke nimekuwa nikimwomba Mungu, kila jioni, aweke mtu wake kwenye kila kona atakayopita mwanangu. Nilidhani angetuma malaika. Sikuwaza kwamba wangevaa vizibao vya njano na kukosa chai.

"Naweza kurudi?" nikauliza.

"Ndiyo maana umeitwa. Urudi vizuri."

Sasa njia iliyonyooka ni kanisani kwetu. Lami inapita katikati, kutoka mlangoni hadi madhabahuni, na mabenchi yako kando, kila kwaya mahali pake, wamekaa wanatazama. Ninatazama mfuniko mara moja tu. Aikande ana mikono miwili kwenye usukani. Anangoja kama nilivyomfundisha akiwa na miaka minne kungoja wakubwa wanawe mikono kwanza, akiwa amesimama na taulo mkononi, njaa inamuuma, bila kusema neno.

Ninatoa mkono wa kulia dirishani, wote, mpaka kiwiko. Upepo unaupiga, na vumbi.

"Mguu," inasema helmeti.

Mguu ni mzito kama ndoo mbili. Ninauinua. Unakuja.

Aikande anapita. Anapita mbali nami, bila papara, na anapokuwa sambamba nami anainua kiganja kushukuru. Hanitazami. Macho yake yako mbele, na kwa hilo ninafurahi kuliko kama angenitazama. Kisha yuko mbele yangu, kwenye shibiri tano za kioo, mzima, anaingia kona ya kwanza, na wale wawili wa vizibao vya njano wanamfuata kwa macho mpaka anatoka.

Mzunguko wa mwisho niliwasalimu wote. "Habari za kazi!" "Nzuri, mama! Mwendo mzuri!" Wengine niliwauliza na hali za nyumbani, na helmeti haikunikataza. Jikoni, bendera ya bluu ilikuwa imekunjwa vizuri juu ya meza, mfuko kwa juu, namna nilivyokuwa nikiikunja ovaroli.

Getini koni akanirudishia kona yangu. Ilikuwa imekuwa ndogo kama leso, na nyepesi.

"Mmeifanya nini?"

"Tumeiwekea mtu," akasema.

Nikaamka.

Kulikuwa kumepambazuka. Nje nilisikia pampu ya miguu. Aikande alikuwa anaongeza upepo kwenye matairi, anapima, anaongeza tena. Sikunawa hata uso. Nilikaa mezani, nikafungua daftari, nikaitoa fomu, nikaandika jina langu lote, Ndeonansia, herufi moja baada ya nyingine, bila kuruka hata moja. Kisha nikamwita.

Akaja na kipimo cha upepo mkononi. "Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Chukua."

Aliiangalia fomu muda mrefu. Alikaa kwenye kiti cha baba yake, akavuta pumzi.

"Mama, kweli?"

"Kweli. Na watu wa bendera uwasalimie. Ila mzunguko wa mwisho."

"Nani kakwambia hayo? Kwenye kijitabu hayamo." Akacheka, akapangusa jicho kwa bega. Kisha akaisogeza fomu kwenye mwanga wa dirisha. "Na hiki kidole kimetoka wapi? Umeshaandika jina, mama, dole la nini tena?"

Kando ya jina langu palikuwa na alama ya dole gumba, nyekundu, ya vumbi. Nikatazama mkono wangu wa kushoto. Ulikuwa safi, kama nilivyounawa kabla ya kusali na kulala. Nikatazama wa kulia. Ulikuwa umejaa vumbi jekundu, kuanzia vidoleni mpaka kwenye kiwiko, na hapo vumbi lilikatika kwa mstari ulionyooka kama ukingo wa dirisha.

Aikande aliuliza kama aniletee kitambaa.

"Acha," nikamwambia. "Pabaki hivyo hivyo."