Samaki wa Jumanne

Kila Jumanne, saa saba kasorobo, fundi lifti alifunga boksi lake la spana, akanawa mikono kwa sabuni ya unga mpaka grisi ikakubali kutoka, kisha akavuka barabara mbili kwenda kula samaki asiyempenda.

Tuseme ukweli mapema: samaki wa mchuzi hakumpenda tangu utotoni. Lakini mezani alikuwako mtu aliyemngoja, na mtu huyo alikuwa mama mkwe wake. Mama huyu alikuwa karani wa masjala katika ofisi ya ardhi, miaka thelathini na moja kati ya majalada ya viwanja vya watu, na wote waliowahi kusimama mbele ya dirisha lake walimwita Mama Masjala. Alijaliwa mtoto mmoja tu, binti. Binti huyo ndiye aliyeolewa na fundi. Waliishi miaka minne, halafu akafariki kwa maradhi ya figo yaliyoanza kama uchovu wa kawaida, na hakuacha mtoto. Kwa hesabu za walimwengu, ukwe uliishia palepale makaburini.

Kwa hawa wawili haukuishia. Jumanne ya pili baada ya mazishi mama alimpigia simu. "Baba, umekula?" Akajibu bado. "Basi njoo tule. Mimi peke yangu chakula hakipiti kooni." Wakaingia mkahawa wa kwanza waliouona, wenye meza sita za mbao na feni iliyozunguka kwa kujilazimisha. Fundi alitafuta cha kuagiza akakosa, akakumbuka jinsi marehemu alivyokuwa akimpenda samaki wa mchuzi, akaagiza huyo ili kumpoza mama. Mama akasema, "Na mimi hivyohivyo." Tangu siku ile mhudumu hakuuliza tena. Mhudumu mwenyewe alikuwa mtu mzima waliyempa jina la Chapchap, kwa kuwa hajawahi kuharakisha kitu chochote duniani.

Walikaa ubavu kwa ubavu wakitazama barabarani, maana mama alisema hawezi kutafuna huku mkwe anamtazama mdomoni. Alisimulia habari za ndugu watatu waliodai kiwanja kimoja na kila mmoja kaja na baba yake. Fundi alisimulia habari za watu wanaobonyeza kitufe cha lifti mara kumi, kana kwamba lifti ni kiziwi. Halafu, sahani zikifika nusu, mmoja wao angesema, "Unakumbuka alivyokuwa...," na hapo marehemu angekuja kukaa nao, na kununa kwake asubuhi, na tabia yake ya kuficha peremende kwenye mkoba wa mama yake. Kwingineko kote watu walikuwa wakimwonea huruma fundi mpaka akashindwa kumtaja mkewe. Pale alimtaja akacheka. Muda huo wa saa moja ndio uliombeba wiki nzima.

Sasa mwaka wa tatu ukaingia, na fundi akapata mtu. Alikuwa mpima macho kwenye jengo moja la ghorofa sita ambako lifti hugoma ikijisikia. Siku moja iligoma na mpima macho yumo ndani. Dakika arobaini fundi alihangaika nje ya mlango, na dakika zote arobaini waliongea kupitia upenyo wa kidole kimoja, wasionane sura. Mlango ulipofunguka, mpima macho alisema, "Kumbe ndiwe," na mengine mnaweza kuyamaliza wenyewe.

Baba wa mpima macho, mwalimu mstaafu, hakufurahi haraka. Alimwambia binti yake kwamba mwanamume aliyefiwa ni kama nyumba ya kupanga, hujui nani bado ana ufunguo. Alitaka kuonana na wazazi wa kijana, ana kwa ana, Jumamosi, kwenye chakula cha mchana. Hapo ndipo palipouma. Mama wa fundi alifariki fundi akiwa na miaka miwili, baba yake akafuata baadaye. Aliyebaki ni baba mdogo, mwashi mpole ambaye salamu tu humchukua robo saa.

"Mama mkwe wako umemwambia?" mpima macho alimuuliza Jumapili.

"Bado."

"Unangoja aambiwe na nani? Mji huu hauna pazia."

"Nitamwambia Jumanne."

Akasema hivyo kwa sauti ya mtu jasiri, lakini usiku ule na uliofuata hakupata usingizi wa maana. Aliogopa jambo moja tu. Mama akisikia kwamba pengo la bintiye linazibwa, atamtakia heri kwa adabu zote, atamkumbatia pengine, na Jumanne inayofuata kiti chake kitakuwa kitupu. Nani amlaumu? Mkwe aliyeoa kwingine ni mkwe wa watu wengine. Naye fundi, aliyekosa mama akiwa mdogo na kumpata akiwa na miaka thelathini, alihisi hawezi kukosa mara mbili.

Jumanne ikafika. Samaki wakaja, wamelala juu ya wali, jicho moja moja likiwatazama. Fundi akapiga moyo konde.

"Mama, kuna jambo."

"Sema, baba."

Ulimi una mambo. Alikuwa amelipanga neno lake tangu alfajiri, lakini lilipofika menoni likakataa kutoka, likatoka jingine jepesi lililokuwa nyuma yake. Akajidanganya kwamba ataanza na dogo ili apate ujasiri wa kubwa.

"Huyu samaki, mama. Simpendi. Sijawahi kumpenda."

Mama akaweka kijiko chini. "Tangu lini?"

"Tangu mwanzo. Nilikuwa nakula kwa ajili yako."

Fundi akavuta pumzi aendelee na lile la pili, lakini mama alikuwa amekwishawahi.

"Kwa ajili yangu," alisema taratibu. "Kumbe miaka mitatu nimekuwa mzigo na wewe unanivumilia tu."

"Siyo hivyo, mama, nilitaka..."

"Basi, baba. Sijakasirika. Umefanya wema wako, umetosha. Jumanne ijayo usijisumbue."

Akafuta mikono kidole kwa kidole, akachukua mkoba, akatoka na mgongo umenyooka. Fundi akabaki na sahani mbili. Alikuja kusema jambo moja ili asimpoteze, akasema jingine, akampoteza palepale. Wapo watu wa namna hiyo. Kwenye nyaya za umeme wana akili ya ajabu, ukiwapa maneno wanajipiga shoti.

Chapchap alikuja baada ya muda wake mrefu, akazitazama sahani mbili.

"Leo samaki ana kosa gani?"

"Kosa ni langu. Nimemwambia simpendi."

"Ahaa. Mimi nilijua zamani. Kila Jumanne sahani zenu zinarudi jikoni na nusu nzima. Paka wa pale nyuma amenenepa kwa ajili yenu."

"Sahani zetu? Hata ya mama?"

"Ya mama ndiyo zaidi. Yeye anamfunika na wali, anadhani sisi hatufunui."

"Na wewe miaka yote hiyo hukusema?"

"Hamkuniuliza," alisema Chapchap, akabeba sahani akaenda zake.

Fundi akainuka. Ikiwa mama naye alikuwa akila kwa kujilazimisha, basi hakuwa akija kwa ajili ya chakula. Wote wawili walikuwa wakimeza miba ili mwingine asiachwe peke yake mezani. Alitembea hadi ofisi ya ardhi bila kukumbuka kwamba boksi lake la spana limebaki chini ya meza.

Mbele ya dirisha la masjala palikuwa na foleni ya watu kumi na mmoja. Angeweza kupita pembeni, askari wa mlangoni alimjua. Lakini fundi naye alimjua mama: mtu anayeruka foleni, yeye humsikiliza kwa sikio moja. Akapanga mstari kama wengine, nyuma ya mwanamke mwenye mtoto mgongoni, na nyuma yake akasimama mzee mwenye bahasha ya kaki. Ilipofika zamu yake ilikuwa saa tisa kasorobo. Mama hakuinua kichwa.

"Namba ya jalada?"

"Sina jalada, mama."

"Asiye na jalada awapishe wenye nalo."

"Nataka kuoa."

Yule mzee wa bahasha akamgusa bega kwa upole. "Ndoa ni ghorofa ya pili, kijana. Hapa ni viwanja." Watu wawili watatu wakacheka. Mtama ulikuwa umekwisha kumwagwa kwenye kuku wengi, hapakuwa na wa kuuzoa.

Mama akavua miwani. "Rudia."

"Nimepata mtu, mama. Ni mpima macho. Jumamosi baba yake anataka kuonana na wazazi wangu. Hilo ndilo nililotaka kukwambia mchana, nikaishia kwenye samaki."

"Kwamba una mtu najua," alisema mama. "Tangu mwezi wa tatu kola zako zimeanza kupigwa pasi. Nikawa nangoja uniambie mwenyewe. Leo ukaanza na habari za samaki, nikasema, haya, mtoto ameona aniage kwa heshima."

"Sikutaka kukuaga. Niliogopa."

"Uliogopa nini?"

"Kwamba nikikwambia, sitakuona tena." Akashika ukingo wa dirisha, na watu wa foleni nyuma yake wakatazama dari kwa adabu. "Mama yangu simkumbuki hata sauti. Ninayemjua ni wewe."

Mama Masjala akachukua mhuri, akaugonga kwenye jalada lililokuwa limekwisha kugongwa, kisha akaugonga tena. Macho yake yalikuwa yamejaa, na hakuyaficha.

"Nilizaa mmoja, nikamzika," alisema. "Ulitaka nikuzike na wewe, ungali unatembea na spana zako?"

"Hapana, mama."

"Inaniuma. Nisikudanganye, inaniuma sana, na nikifika nyumbani nitalia. Lakini hicho ni kilio changu, hakikuhusu. Jumamosi anakwenda nani?"

"Baba mdogo."

"Na nani mwingine?"

"Basi."

"Baba mdogo peke yake? Si mpaka aseme 'hodi' harusi itakuwa imepita?" Mzee wa bahasha akacheka, akajifanya anakohoa. "Saa ngapi?"

"Saa saba. Palepale kwa Chapchap."

"Agiza kuku. Mimi samaki simpendi, miba inanitia hofu. Nilikuwa nakula kwa sababu nilidhani wewe unampenda." Akavaa miwani. "Haya, pisha. Watu wana viwanja vyao."

Jumamosi Chapchap aliunganisha meza mbili na kuvaa shati lenye vifungo vyote. Mwalimu mstaafu alikaa katikati, kalamu mfukoni kama vile atasahihisha, binti yake kando yake. Upande wa pili alikaa baba mdogo, akifuatiwa na fundi, kisha mama kwa gauni la kijani alilolihifadhia siku zenye uzito. Wakala kuku. Mwalimu akauliza juu ya kazi, juu ya pango la nyumba, juu ya afya. Fundi akajibu yote. Mwalimu alipomgeukia baba mdogo na kumuuliza kijana huyu ni wa tabia gani, baba mdogo alifikiri sana, akasema, "Mzuri," akarudi kwenye paja la kuku.

Mwalimu hakutosheka. Akamtazama mama.

"Na wewe mama, unisamehe. Nimeambiwa mzazi wake wa kike alikwisha kutangulia. Wewe ni nani kwake?"

Siku nne zote hawakukubaliana nini kisemwe. Mpima macho akaacha kula. Shangazi, mama mlezi, jirani mwema, lolote kati ya hayo lingepita na chakula kingeendelea.

Mama akafuta midomo. "Mimi ni mama wa mkewe," alisema. "Yule aliyefariki."

Mwalimu akaweka uma wake chini. Hata Chapchap, aliyekuwa akileta maji, alisimama, ingawa kwake tofauti ilikuwa ndogo.

"Usione ajabu, mwalimu. Nimesikia una wasiwasi juu ya moyo wake, na wewe ni baba, una haki. Ila umemuuliza yeye, na kila mwoaji hujisifu. Umemuuliza baba yake mdogo, na huyu hana maneno. Hujaniuliza mimi, niliyemkabidhi mtoto. Binti yangu alipougua, kijana huyu alijifunza kumwogesha, alijifunza kumsuka nywele, anasuka vibaya lakini anasuka. Miezi saba. Sikumsikia akipandisha sauti, wala sikumkuta amelala huku mgonjwa yu macho. Na alipokwisha kumzika, hakuniacha."

Akanywa maji kidogo. Akaweka gilasi, akamtazama mwalimu.

"Nilikuwa na binti mmoja, nikampa huyu," alisema. "Ningekuwa na wa pili, leo nisingekuja hapa kukuomba wako."