Uwanja Juu ya Kichuguu cha Bi Mwanajuma

Haya ni kweli tupu, hayana chumvi wala ndimu. Jogoo wangu mwekundu nimemfunga hapa kwenye mguu wa benchi, mbele yenu nyote wa Kibuta: atakayenidaka na uongo, hata wa punje moja, jogoo ni wake pamoja na kelele zake.

Asubuhi ile ya masika, mwaka sabini na tano, Mwalimu Hilario alipiga magoti katikati ya uwanja wa tenisi akaweka sikio chini, kama tabibu anayesikiliza kifua cha mgonjwa asiyetaka kumpoteza. Mvua ya kwanza ilikuwa imenyesha usiku kucha. Chini ya shavu lake ardhi ilikuwa ikinong'ona. Aliujua mnong'ono ule, akatamani asingekuwa na masikio.

Uwanja alikuwa ameujenga kwa udongo wa kichuguu. Udongo huo ukimwagiwa maji na kushindiliwa hukauka ukawa mgumu kama kisigino cha mkulima, na mpira ukidunda juu yake hurudi kwa adabu. Hayo aliyajua tangu ujanani, alipokuwa akiwaokotea mipira maofisa wa kikoloni pale Kisarawe. Uhuru ulipokuja, wale mabwana walituachia uwanja wakaondoka na wavu, na haukupita muda pakawa mahali pa kuanikia mihogo. Hilario aliumia. Akajiapiza kwamba watoto wa wakulima nao wataucheza mchezo ule, tena kila mtu atauokota mpira wake mwenyewe.

Kichuguu kikubwa kuliko vyote kilikuwa cha Bi Mwanajuma. Huku kwetu kichuguu kina mwenyewe kama mnazi ulivyo na mwenyewe. Kumbikumbi wakitoka ni mlo wa ukoo wake, na mgeni akikinga kapu lake hapo ameiba. Hata tulipohamishiwa kijiji cha ujamaa na mashamba yakawa ya wote, hakuna katibu aliyethubutu kuvitia mdomoni vichuguu. Bi Mwanajuma alikubali chake kisawazishwe, kwa sharti: malkia asiguswe, na siku kumbikumbi watakapotoka, asizuiwe mtu kuwafuata. Hilario alijua fika kwamba uwanja haukai juu ya malkia aliye hai. Akakubali. Ilikuwa kiangazi, na wakati wa kiangazi mvua ni maneno tu.

Raketi ilikuwa moja, mzee wa raketi, iliyotupwa na ofisa mmoja kwa sababu ilikwisha kupinda. Nyuzi zake Hilario alizisokota mwenyewe kwa utumbo wa mbuzi, hata siku za joto ikawa inanukia mchuzi. Mpira nao ulikuwa umenyonyoka ukabaki na upara. Wanafunzi wengine walicheza kwa vibao. Raketi ilikuwa ya Stellamaris, binti wa katekista, aliyekuwa wa shoto. Kanisani walimkanya kwa mkono ule. Uwanjani Hilario alimwambia asimsikilize mtu. Alipoupiga mpira, watu waliokuwa wakipita na majembe walisimama bila kujua wamesimamishwa na nini.

Ndipo ikaja habari kwamba Kibaha, makao ya mkoa, kuna kasha la raketi mpya kutoka ng'ambo, zawadi ya watu waliotaka mchezo huo uote mizizi katika nchi changa. Litapewa kijiji chenye uwanja unaofaa. Bwana Silvanus, ofisa wa michezo, atakuja kukagua. Stellamaris alikuwa akimaliza darasa la saba mwaka ule. Kasha lisipokuja, jembe lilikwisha kumchagulia mpini.

Na siku ya ukaguzi ndiyo hiyo aliyoweka sikio chini.

Kumbikumbi walitokea kwenye mstari wa chokaa, pale pale mpira unapotakiwa kudunda. Kwanza mmoja, akajipangusa mabawa kama bwana harusi. Hilario akamfukia kwa kisigino. Wakatoka kumi pembeni. Akaleta mchanga, akashindilia, akavua koti akafunika. Koti likaanza kuinuka lenyewe kama lina mtu ndani. Alipoinua macho, Bi Mwanajuma alikuwa amesimama kando ya wavu na kapu, jembe, na wajukuu nyuma yake. Ulikuwa mwaka wa njaa. Tuliishi kwa foleni ya ule unga wa njano tuliouita Yanga, na wiki ile hata Yanga ilikuwa imekatika.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Nimefuata changu."

Hilario alimwomba angoje wageni waje na kuondoka. Bibi akamjibu kwamba kumbikumbi hawajui habari za mgeni, jua likipanda wamekwisha.

"Bibi, nakusihi. Kasha likija, hata hawa wajukuu zako watacheza."

Bi Mwanajuma hakukasirika. Afadhali angekasirika. Aliwatazama wajukuu, akamtazama Mwalimu.

"Watacheza na tumbo gani?"

 Hilario alikuwa na majibu mengi, ya mkutanoni na ya darasani, lakini yote yalikuwa ya watu walioshiba. Miezi yote ile alikuwa ameamini kwamba mtu akitaka jambo kwa moyo safi, dunia itampisha. Sasa aliona kwamba dunia haimwoni hata anapopita. Akanyoosha mkono, akalipokea jembe. Kama uwanja ni wa kuvunjwa, hakutaka uvunjwe na asiyejua ulivyojengwa. Akachimba mwenyewe shimo la kuwakingia, taratibu, akifuata mstari wa chokaa.

Gari la Bwana Silvanus lilifika wajukuu wakiwa wamejaa shimoni hadi kiunoni.

"Mwalimu," akasema Silvanus, "hapa panachezwa au panapikwa?"

Watu walicheka, njaa haikatazi kucheka. Hilario aliomba jambo moja tu, mgeni amwone binti akipiga mpira mara moja. Stellamaris akasogea, akaurusha mpira juu, mkono wa kushoto ukaufuata. Anga ilikuwa nyeusi kwa mabawa. Nami nawaambia, mpira ule ulizama katika lile wingu la kumbikumbi na haujatua mpaka leo.

Silvanus alingoja kidogo, shingo juu. Kisha akasema, kwa sauti ya mtu asiyependa anachokisema, "Mkono anao. Uwanja hana." Akapanda gari.

Mwaka uliofuata Hilario alidandia lori la mkaa akaenda Kibaha kuomba tena. Silvanus hakubishana naye. Alisema hakuna kijiji kilichofaulu, kasha liko pale pale ghalani, alichukue limwondokee.  Hilario akainua kifuniko. Raketi zilikuwa zimepangwa vizuri kama dagaa wa kopo, zinang'aa rangi. Aliposhika mpini wa kwanza, ukabonyea kama muwa uliokwisha kutafunwa, unga ukamwagika viatuni. Wa pili vivyo hivyo. Kasha lilikaa sakafuni masika nzima, na mchwa hawakuwa wamedai uwanja unaofaa. Zilibaki nyuzi na rangi. Hilario alicheka kwa sauti.

Lakini chini kabisa ya kasha, jamani, ilikuwapo moja nzima! Akaileta Kibuta ndani ya koti, akampa Stellamaris, na binti akaenda nayo Dar es Salaam, akawabwaga wote, akarudi na kikombe cha fedha kikubwa cha kumwogeshea mtoto.

"Mzee," akasema mwanamke mmoja nyuma yenu, "kikombe hicho kiko wapi?"

Mmegeuka nyote. Ametoka shamba, jembe kwenye bega la kushoto. Mimi sikuhitaji kugeuka.

"Raketi nzima haikuwapo," Stellamaris akaendelea, bila haraka. "Mwalimu alirudi mikono mitupu. Alinikuta shambani, akaichukua nusu ya tuta langu akalima hadi mwisho.  Hakuutaja tena mchezo ule mpaka tukamzika."

Nikajaribu kuokoa kilichobaki. Nikamuuliza, na ule mpira?

"Ulitua, Mzee. Ulianguka kwenye kapu la Bi Mwanajuma."

Nimefungua kamba ya jogoo nikampa. Alikataa, nami nikamwambia dau ni dau, asinivunjie heshima. Amelitua jembe, akamchukua jogoo akambana kwapa la kulia, amekwenda zake akilisahau jembe hapa benchini. Mnamwona? Amefika pale palipokuwa uwanja. Kichuguu kimeota tena, sasa kinampita kimo. Amesimama mbele yake. Mkono wa kushoto umepanda nyuma ya kichwa kama siku ile ya ukaguzi, mtupu, umekaa hapo kitambo kuliko mkono wa kuaga.

Jogoo amepiga kelele. Ameushusha, amshike vizuri.