Rikabu za Mtani

Watu wa huku tuna ugonjwa mmoja. Ukitutukana huku unacheka, na asili yako ikawa Umatumbini, tunakuitikia kwa kicheko. Tunasema, ah, mtani wangu huyo. Mndengereko na Mmatumbi wametaniana tangu enzi za mababu: atakukamatia kuku uani mchana kweupe, atakuja kukuzomea msibani kwenu, na wewe huna ruhusa ya kununa. Abdulatifu, Mmatumbi, aliijua vizuri desturi hiyo. Ndiyo aliyoiendeshea kambi.

Kambi yenyewe ni ya farasi, huku Mtunda. Wageni wanaletwa na magari, wanapandishwa, wanapitishwa kwenye mikorosho na kuteremshwa hadi ukingo wa bonde, asubuhi mpaka alasiri. Sisi tunatandika, tunaongoza, tunaogesha. Mwenye mali yuko Dar, sura yake hatuijui. Aliyeachiwa sisi na farasi ni Abdulatifu, meneja.

Sasa, ukikaa juu ya farasi, mguu unakanyaga pete ya chuma inayoning'inia ubavuni kwa mkanda. Hiyo ndiyo rikabu. Na rikabu si zote sawa. Za wageni ni pana, zimelazwa mpira mnene pale pa kukanyagia, mguu unatulia kama uko sakafuni. Meneja naye alikuwa na zake za namna hiyo. Zetu waongozaji ni vyuma vyembamba, vitupu. Farasi akiteremka mlima unasimama kidogo kumsaidia, na hapo uzito wako wote unakaa kwenye mstari mmoja, chini ya vidole. Mzima atavumilia. Mwenzetu Mtoro hakuwa mzima.

Mtoro alikanyaga bati ndani ya maji mwaka ule wa mafuriko, akiokoa mpunga wa mama yake kule bondeni Chumbi. Kidonda kilifunga, lakini unyayo haukurudi kuwa unyayo. Daktari wa hospitali ya Mchukwi alimwambia asisimame juu ya kitu chembamba, kwani pakifunguka tena vidole vinaweza kuondoka. Akaenda kwa Abdulatifu, kwa adabu zote, akaomba rikabu pana. Pea moja tu.

"Mpira wa nini, mtani?" Abdulatifu akamjibu mbele yetu. "Miguu ya Wandengereko ni ya kiboko, imeumbiwa matope. Nikikuwekea mpira utautafuna."

Watu wakavunjika mbavu. Mtoro ndiye aliyecheka kuwashinda wote, asije akaonekana ana roho ndogo.

Mimi sisahau vitu. Siku farasi wanashushwa kwenye lori tuliahidiwa buti, na tulipozidai tukaulizwa tangu lini Mndengereko na buti wakaoana. Mwenzetu Gharibu alipigwa teke la mbavu, akaambiwa farasi kamsalimia shemeji yake. Wazee wetu, enzi za vijiji vya ujamaa, walitolewa bondeni kwa maneno matamu, wakaachwa huku juu kwenye mchanga wakisubiri yaliyoahidiwa. Sisi hata maneno matamu hatukupewa. Tulipewa vichekesho, tukavila, tukashiba.

Aliyenitia moto ni Mwamini, mke wa Mtoro. Nilikwenda kumjulia hali mgonjwa, nikamkuta mwanamke anafua soksi za mumewe, maji mekundu. Hakunikaribisha hata kiti.

"Shemeji, huu mguu ukiondoka, jembe nitashika mimi peke yangu," akasema. "Nyie huko mnacheka nini?"

Nilirudi kambini nimelibeba swali lake kama kaa la moto mkononi.

Jumamosi wakaja wageni wengi, rikabu za mpira zote zikaenda kwao, zikabaki za meneja tu. Farasi wametandikwa, wako mstarini. Mtoro anazunguka zunguka farasi wake, anakitazama kile chuma. Meneja alikuwa anapiga picha na wageni. Nikaenda kwa farasi wake, nikafungua mikanda, nikachomoa rikabu zake zote mbili, nikamfungia Mtoro. Vyuma vya Mtoro nikavining'iniza kwa farasi wa meneja. Sikujificha. Mtani hachukui kwa kujificha, huo ungekuwa wizi.

Kisha nikapaza sauti wasikie wote, wenzangu na wapishi. Nikasema, "Mtani, nimekuchukulia kuku wako. Ukimtaka, kamkomboe."

Kwa mila yetu angecheka, basi. Wapishi walishaanza kucheka. Lakini Abdulatifu alikuja mbio, uso umemvimba.

"Rudisha. Hapa ni kazini, hakuna utani."

Kicheko kikakatika. Nikamuuliza, pole pole tu, kwamba kama hapa hakuna utani, yale ya miguu ya kiboko aliyasema kama nani.

Akatutazama mmoja mmoja. Aliona kitu nyusoni mwetu, maana alibadilika palepale, akatoa meno. "Ah, watani bwana. Haya, mwache atembee na kuku."

"Hapana," akasema Mtoro. Sijapata kumsikia akimkatalia mtu. Alikuwa keshapanda, nyayo zimelala kwenye mpira, na hasira ya siku nyingi ilikuwa sautini mwake. "Usinipe kwa utani, Abdulatifu. Kesho utanivua kwa utani. Sema mbele ya hawa kwamba mguu wangu unaumwa na hizi ni zangu."

Wageni walikuwa wanauliza kuna nini. Hakuna aliyewajibu, na hakuna mwongozaji aliyeshika hatamu. Tulisimama tu.

"Mguu unakuuma," Abdulatifu akasema, akiyatoa maneno kama mtu anayetema mwiba wa samaki. "Hizo zako."

Tukaondoka. Yeye alipanda na vile vyuma, kwa kuwa mbele ya wageni hakuwa na namna. Kuteremka bondeni na kupanda tena.

Alasiri Mtoro alishuka akatembea mwenyewe hadi kwenye maji, akawanywesha farasi. Abdulatifu alishuka akashikilia tandiko, akachechemea hadi kibarazani, akaketi kuvua viatu. Meneja wa Kimatumbi anachechemea mbele ya Wandengereko watupu: siku nyingine asingefika kibarazani, tungemzika kwa mizaha. Yeye mwenyewe aliingoja. Alituangalia, akatabasamu, akatikisa mguu kama anayetualika.

Tukaendelea kuwasugua farasi. Hakuna aliyempa hata neno moja.