Mgeni Nyumbani kwa Senkondo

Usingizi unamchukua Mzee Eliapenda akiwa amepiga magoti, na mtu aliyefunga tangu asubuhi hana ubavu wa kuupangia usingizi masharti, unaingia unavyotaka. Ni alasiri. Kanisa liko tupu, mchungaji amekwenda kwenye mkutano wa sinodi na ufunguo ameachiwa yeye, mzee wa kanisa, mtu wa kuaminika, mtu ambaye tangu ujana wake hajakosa ibada hata akiwa na homa. Nje, kwenye kivuli cha ukuta, vijana wa kikundi cha maombi wanamngoja. Amewaambia kwamba Bwana amesema naye, kwamba tangawizi inaozea ardhini mlima mzima kwa sababu ya mtu mmoja asiyeamini, na kwamba nyumba ya mtu huyo haina budi kuchomwa moto. Ameingia ndani kutafuta uthibitisho wa mwisho. Akitoka akasema ndiyo, wanateremka. Mtu mwenyewe ni Senkondo, jirani yake wa shamba kwa shamba, ambaye siku alipomzika mkewe alisema pale kaburini, bila kupandisha sauti, kwamba yeye haamini kama kuna mtu yeyote huko juu, kisha akachukua koleo akasaidia kufukia. Hilo vijana wanalijua. Wasilolijua ni kilichomkaa moyoni mzee kwa sababu ya jogoo.

Jogoo ni wa Jumapili iliyopita. Ibada ikiisha, sadaka za mazao na mifugo hupigwa mnada pale uwanjani, na desturi ya mnada huo ni kwamba mnunuzi akipenda anakitoa alichonunua zawadi kwa mtu anayetaka kumheshimu, iwe mjane, mwalimu wa kwaya au mgeni, watu wanapiga vigelegele, mambo yanaishia hapo. Senkondo hakanyagi ndani ya kanisa, lakini mnada haukosi, anasimama nje ya uzio na kupandisha dau kwa kidole. Jumapili hiyo akamnunua jogoo mwekundu, akasema, huyu apewe shemeji yangu Nakijwa, alimuuguza marehemu mke wangu wakati mimi nimeshaishiwa nguvu. Watu wakashangilia. Aliyenuna ni mmoja tu, mwendesha mnada, Mzee Eliapenda mwenyewe, kwa sababu Nakijwa ni mkewe, na Nakijwa alimpokea jogoo yule akacheka kicheko ambacho mumewe alikuwa hajakisikia tangu siku za uchumba. Shemeji! Ushemeji umeanza lini? Tangu hapo wivu unamla, chakula hakipiti, akimsikia mkewe anaimba jikoni anajiuliza anamwimbia nani. Na mzee wa kanisa hawezi kusimama mbele ya watu akasema ana wivu, kwa hiyo alipoona moyo unamwaka akasema ni sauti ya Bwana. Kufikia Jumatano alikuwa anaiamini mwenyewe.

Sasa anaegemeza paji la uso kwenye benchi, na benchi linalegea, mbao zinakuwa laini, sakafu nayo inamwachia, na mlango wa sakristia uliokuwa na komeo uko wazi, na nyuma yake hakuna sakristia wala majoho ya mchungaji, kuna barabara. Anatoka. Barabara inakwenda, inakata kona, inarudi kupita pale pale ilipopita, na bado si pale pale, kwa sababu kila ikirudi vilima vimehama. Kwenye njia panda amesimama mtu asiye na uso, hana macho, hana pua, hana mdomo, ni ngozi tupu iliyokaza, na bado anaongea. Karibu, mzee wangu, anasema. Eliapenda anauliza njia ipi inakwenda kwa Bwana, maana hata ndotoni hajasahau kilichomleta. Asiye na uso anamjibu, ni ile ambayo ukifika mwisho wake utataka kumfukuza uliyemkuta. Eliapenda hapendi majibu ya namna hiyo. Nimekuuliza kwa adabu, anasema. Nami nimekujibu kwa adabu, anasema mwenzake, na anatangulia, na vumbi halinyanyuki miguuni mwake, na Eliapenda anamfuata kwa sababu barabara nyingine zote zimeshajikunja na kuondoka.

Wanaingia katika mji uliosimama juu ya mji mwingine, nyumba juu ya nyumba, wa chini ukiwa umepinduka kama kivuli cha mti bwawani, na watu wa juu wanakanyagana nyayo kwa nyayo na watu wa chini. Kila mtu amekumbatia kapu lililofunikwa kwa kitambaa. Ndani yake ana nini? anauliza Eliapenda. Ana yule anayemwabudu, anajibu asiye na uso. Na watu hawa hawatulii, anayepita anachungulia la mwenzake, anapima kwa macho, anarudi kulikumbatia lake kwa nguvu zaidi. Mama mmoja anamshika Eliapenda mkono. Eti baba, hebu nyanyua, langu na la yule pale lipi zito? Anageuka mwanamume mmoja na kusema, muulize kwanza na yeye amebeba nini. Eliapenda anajitazama na kumbe naye analo, kapu la miwaa, liko kwapani, na ni jepesi, jepesi mno kwa mtu aliyetumikia miaka yote hiyo. Nionyeshe, anasema yule mwanamume. Halikuhusu, anasema Eliapenda, na anaharakisha hatua, na moyoni anawaonea kijicho wote ambao makapu yao yanawainamisha mgongo.

Mji unaofuata ni ule ule, au umerudi, ila sasa unaungua. Huku juu kundi la watu linaimba na kuitia moto nyumba, na kule chini kundi lingine linaimba na kuitia moto nyumba hiyo hiyo, maneno ya nyimbo ni mbalimbali na sauti ni moja. Tumetumwa, wanasema wa juu. Sisi ndio tuliotumwa, wanasema wa chini. Pembeni yuko mmoja anayewasha peke yake, yeye anasema hakuna aliyemtuma mtu yeyote na ndiyo maana anawachoma waliotumwa, na moto wake haubagui, unakula paa vile vile. Mwanamke anatoka mlangoni akiburuta godoro, mtoto mgongoni, anamwona Eliapenda amesimama. Mzee wangu, anasema, nishikie hapa nirudi ndani, nimemwacha mama. Eliapenda anataka kumshikia, kweli anataka, lakini mikono imekumbatia kapu, na akiliweka chini watu wataona lilivyo jepesi. Anasema, subiri kidogo mwanangu. Mwanamke hasubiri, analiacha godoro, anarudi ndani na mtoto mgongoni, na mlango unaanguka nyuma yake. Eliapenda anapiga kelele. Nani kati yao yuko sahihi? anamuuliza asiye na uso, niambie nani ametumwa kweli! Asiye na uso anachota majivu, anamwekea kiganjani. Haya, nitenganishie, anasema, yaliyokuwa yanasali na yaliyokuwa hayasali.

Majivu yana joto. Anayakung'uta, barabara inapinda, na ghafla anajua alipo, kwa sababu mbele yake kuna migomba ya Senkondo, na ua wa Senkondo, na nyumba ya Senkondo yenye bati lililopigwa kiraka upande wa jiko. Ndani kuna taa. Kuna sauti mbili. Anasogea dirishani kwa kunyata, kama alivyofanya, na hili hajamwambia mtu, mara mbili wiki hii akiwa macho. Alitarajia kumkuta Nakijwa. Amejiandaa kabisa kumkuta Nakijwa, ameshakunja ngumi. Lakini aliyekaa kwenye kigoda, mgongo kwa dirisha, kikombe cha chai mkononi, si Nakijwa. Eliapenda anautazama mgongo ule na kukunjua ngumi. Hajawahi kumwona, na anamjua. Ndiye ambaye Eliapenda amemwimbia tangu utotoni. Ndiye ambaye amemwamkia kila alfajiri, amemfungia saumu mpaka mbavu zikahesabika, amemwomba, njoo kwangu hata mara moja, nijue tu kwamba unanisikia, na hakuja. Na hapa amekaa, kwa Senkondo, miguu ameinyoosha.

Wanaongea habari za tangawizi. Senkondo anasema mbegu ya mwaka huu ilikuja na ugonjwa, na mvua zilipozidi mizizi ikashindwa kupumua, ndiyo maana inaoza. Ni kweli, anasema mgeni. Senkondo anamwongezea chai. Lakini nikwambie ukweli, anasema, mimi siamini kama upo hapa. Najua, anasema mgeni, na anacheka, na ni kicheko kizuri, cha mtu aliyestarehe, nipe na kipande cha muhogo. Pale dirishani moyo wa Eliapenda unapasuka. Wivu wa jogoo ulikuwa mchezo wa watoto. Mke anaweza kucheka na jirani, ndiyo, inauma, lakini huyu! Anamgeukia asiye na uso, machozi yanamtoka. Kwa nini kwake? Mimi nimemwekea kiti miaka yote! Asiye na uso anamuuliza, na ulipomwekea kiti, ulimwachia nafasi ya kuingia, au ulikaa wewe mlangoni ukichunguza wanaopita?

Eliapenda hangoji zaidi. Anazunguka nyumba, anafika mlangoni, anaubamiza kwa mikono yote miwili. Fungua! Na kwa sababu ametumia mikono yote miwili kapu linamdondoka, kitambaa kinafunguka, na anatoka jogoo mwekundu, anajikung'uta, anatembea uani kwa maringo. Hakuna kingine ndani ya kapu. Nani huyo? anauliza mgeni kutoka ndani. Ni mimi, anasema Eliapenda, mtumishi wako, uliniambia niichome nyumba hii. Nilikwambia lini? anauliza mgeni, na haulizi kwa hasira, anauliza kama mtu anayetaka kukumbuka. Jumapili. Wapi? Uwanjani, mnadani. Nilikuwa nasema nini hasa? Eliapenda anafungua kinywa na maneno aliyowapa vijana hayapo, anayatafuta na hayapo, amebaki na mkewe amekumbatia jogoo anacheka, na yeye amesimama pale na rungu la mnada mkononi, mzee mzima, anatamani kulia. Hukuniambia, anasema. Kwanza anasema taratibu. Kisha anasema kwa sauti yake yote, ile ya mnadani inayofika bonde la pili: Hakuniambia! Hakuna aliyeniambia! Ni wivu tu, jamani, nina wivu! Na anasikia kigoda kinasogea, na nyayo zinakuja, na mlango unaanza kufunguka.

Anafungua macho. Paji la uso limechapwa mistari ya benchi, jua limesogea mpaka dirisha la magharibi. Anasimama, kizunguzungu kinamrudisha chini, anasimama tena. Ameamka, anajiambia, nimeamka, na hasira imemtoka yote, amebaki na aibu tu, aibu nyepesi ambayo anaweza kutoka nayo nje na kuwaambia vijana, wanangu, nilikosea, rudini nyumbani mkale. Anatoka. Kwenye kivuli cha ukuta hakuna mtu. Ng'ambo ya uwanja Mama Naetwe, anayefagia kanisa, anamwagilia maua. Vijana wako wapi? anamuuliza. Mama Naetwe anamshangaa. Si umewaruhusu mwenyewe, baba mzee? Mimi? Wewe, anasema, umetoka pale mlangoni, umenyanyua mikono yote miwili, umepaza sauti, ukarudi ndani, wao wameondoka wanakimbia. Eliapenda anamsogelea. Nilisema nini? Mama Naetwe anatikisa kichwa. Nilikuwa kule bombani, maji yanapiga ndoo, nimeona mikono tu. Walikuwa wanaimba? Walikuwa wanakimbia, baba. Wamekimbilia wapi? Mama Naetwe ananyoosha mkono kuonyesha bonde, na bonde lina nyumba za watu wote, za vijana wenyewe, ya Eliapenda, na ya Senkondo.

Anateremka mbio. Njia inapinda, inarudi, haishii, na hajui kama ni njia yake ya kila siku au ni ile nyingine, na vilima vinaonekana vimesogea, au ni machozi. Chini moshi umesimama juu ya migomba, na saa hizi kila nyumba huwa imewasha jiko, na kila nyumba ina moshi, na ule unaotoka kwa Senkondo ni mnene kuliko mwingine, au yeye anautazama kuliko mwingine. Hakuniambia! anapaza sauti, na hajui kama inatoka. Ndipo anapomwona Nakijwa. Yuko mbele, kwenye mteremko, kanga imekazwa kiunoni, ndoo ya maji mkononi inamwagika, anakimbia pekupeku, na hafuati njia kubwa, amekata ndani ya shamba la kahawa, anapita kwenye upenyo wa ua, anatokea moja kwa moja nyuma ya jiko la Senkondo. Eliapenda anamwita, Nakijwa hageuki. Anamfuata, anajikwaa, anainuka, anakimbia tena, hajui kama yuko macho, hajui kama mbele yake ni moto wa paa au wa chakula cha jioni, na bado, huku pumzi zinamwishia na jina la Bwana liko mdomoni, anajiuliza mkewe alionyeshwa na nani ile njia ya mkato.