Moshi wa Irongo

Siku ya kwanza ya mafungo, zile siku za kujitenga na kusali, baada ya chakula cha mchana, Padre Sebastiani alikuwa na desturi ya kuwaachia watu ukimya wao. Alichukua fimbo yake nyuma ya mlango wa sakristia akaenda kutembea. Alizoea kusema kwamba mahubiri yake aliyaandika kwa miguu. Nyumba ya mafungo ilikuwa ukingoni mwa mlima, huko Upare Kusini, mahali ambapo jiwe likikuponyoka hulisikii likitua. Nyuma yake kulikuwa na migomba na kahawa. Mbele, chini kabisa, tambarare za upande wa Kisiwani zilienda mpaka macho yachoke.

Njia aliyoipenda ilipita Irongo. Hapo palikuwa na nyumba chache za udongo, mfereji uliokatiza kati ya mashamba, na akina mama ambao hawakukubali padre apite na tumbo tupu. Huyu alimkatia ndizi, yule alimwita anywe uji. Ernesta, mjane ambaye wote walimwita Mama Method, alimpakulia makande, na makande yake siku zote yalikuwa yameungua chini, kwa kuwa alipenda kuzungumza kuliko kukoroga. Padre aliyala. Uzeeni, baada ya kuhamishwa parokia mara kadhaa, alikuwa amekula makande mengi yaliyopikwa vizuri, na hakukumbuka hata sahani moja.

Mwaka wa sabini na nne Irongo ilihamishwa kwa amri ya serikali. Malori hayakuweza kupanda, kwa hiyo yalingoja chini barabarani, na watu wakateremka na vitanda vichwani. Walipelekwa tambarare, kwenye kijiji kipya kilichoitwa Jitegemee, ambako viwanja vilikuwa vimepimwa kwa kamba na nyumba zote zilitazama barabara. Waliambiwa kwamba shule itafika, zahanati itafika, na maji ya bomba yatafika. Shule ilifika.

Padre hakuwa mpinzani. Siku ya Uhuru aliipiga kengele ya kigango mpaka kamba ikakatika, na habari ya udugu na kufanya kazi pamoja aliiona kuwa ni Matendo ya Mitume yamehamia Tanganyika. Kwa hiyo mafungo yaliyofuata alichukua fimbo yake kama kawaida, akaenda kutazama Irongo isiyo na watu.

Mapaa yalikuwa yameezuliwa. Milango haikuwapo. Lakini kwenye kila jiko moshi ulikuwa unapanda, kwa kuwa ilikuwa saa ya kupika. Aliingia kwa Mama Method akaweka kiganja juu ya mafiga. Yalikuwa ya baridi. Moshi ulitoka katikati yake, ukapinda kidogo ulipofika mahali palipokuwa na dari, ukaendelea juu. Ulinuka makande yaliyoungua. Padre akapiga chafya, akaaga kwa mazoea, akaendelea na rozari yake alipokuwa ameishia.

Jumapili aliteremka Jitegemee kusoma Misa, na huko akaona moto usio na moshi. Mama Method alikuwa anachochea kuni mbichi za mgunga, kuni za kumtoa mtu machozi, na hewa juu ya chungu ilikuwa safi.

"Moshi umekataa kuhama, Baba," alisema akimsogezea kigoda.

"Nimeuona. Uko nyumbani."

"Haujambo?"

"Haujambo. Unapanda vizuri."

Mama Method akaridhika, akageuza kuni.

Hata hivyo, maisha bila moshi yalikuwa magumu. Mbu waliingia ndani kama wenye nyumba. Watoto wa mlimani, ambao hawakuizoea homa ya tambarare, walikaa juani mchana wakitetemeka. Mbegu za mahindi zilizotundikwa kwenye uchaga juu ya moto zilitobolewa na fukusi kabla ya mvua. Na lilikuwapo jambo jingine, ambalo akina mama walimweleza Padre mmoja mmoja wakimsindikiza njiani: aliyekuwa na sababu ya kulia jikoni hakuwa tena na cha kusingizia. Mwezi wa Aprili, Honorata, mjukuu wa Mama Method, alikufa kwa homa. Mama Method alilia mchana kweupe, mbele ya majirani, na jambo hilo lilimtia aibu kwa muda mrefu.

Katibu wa kata alikuwa kijana wa kutoka Usangi, jina lake Eliufoo, mtu mwenye bidii na shati lililopigwa pasi. Alipouona moshi kutoka barabarani alidhani watu wamerudi mlimani kwa siri. Alipanda na mgambo, akakuta majiko matupu, akaamuru kuta zibomolewe ili moshi ukose pa kukaa. Kuta zilibomolewa. Moshi uliendelea kutoka chini, kila mmoja mahali pake, na Katibu akarudi na macho mekundu. Njiani alipita kwa Padre.

"Ndugu Padre, ule moshi unatuharibia sura. Mkubwa akipita barabarani atasema watu wamerudi."

"Hawajarudi."

"Najua hawajarudi. Wako chini, nimewaona kwa macho yangu. Sasa wewe ni mtu wa maneno. Hebu wahubirie kuhusu yule mzee aliyeambiwa atoke katika nchi yake, akatoka bila kuuliza."

"Ibrahimu."

"Huyo huyo."

Padre alikubali, kwa sababu maandiko hayo yalikuwapo kweli, na kwa sababu kijana alikuwa amechoka. Wakati huo mtu wa Jitegemee hakuruhusiwa kupanda mlimani ila kwa kibali, na kibali kilitolewa kwa ajili ya matibabu au ibada. Akina mama wa Irongo walipanda kwa kibali cha ibada, wakaketi katika kikanisa cha nyumba ya mafungo, na Padre akawahubiria juu ya Ibrahimu. Alihubiri vizuri. Alipomaliza ulifuata ukimya, kama ratiba ilivyotaka, na katika ukimya huo Mama Method akasimama.

"Baba, nisamehe. Ibrahimu aliitwa na Mungu mwenyewe. Hakuletewa lori."

Alibaki amesimama, akingoja jibu. Padre alitazama Biblia, akatazama dirisha, akafunga Biblia.

"Vaeni viatu," alisema. "Tutatafakari tukitembea."

Aliwapeleka Irongo. Hakuna aliyesema neno njiani, maana yalikuwa mafungo. Walipofika, kila mmoja alikwenda moja kwa moja mahali pake, ingawa kuta hazikuwapo, wakapita pale palipokuwa na milango. Wakasimama ndani ya moshi. Walisimama mpaka nguo na nywele zao zikanuka nyumbani, wakalia kadiri walivyotaka, na wakati wa kurudi kila mmoja alifuta macho akisema moshi wa leo ni mkali. Padre naye alisema ni mkali. Alikuwa amesimama mbali nao, upande upepo ulikotoka, ambako moshi haukufika.

Tangu hapo ibada ilistawi Jitegemee kuliko mahali pengine popote katika parokia. Watu walifanya mafungo ya Kwaresima, ya Majilio, ya kushukuru mavuno na ya kuomba mvua. Walipanda na mbegu zao ndani ya khanga, wakazitundika kwenye miti waliyoisimika juu ya mafiga, na Padre akawa anazigeuza katika matembezi yake mpaka zikolee masizi. Mwanamkasi, aliyekuwa jirani ya Mama Method huko Irongo, alimngoja nje ya kikanisa.

"Padre, mimi ni Mwislamu, unajua. Lakini nasikia kwenye mafungo yenu watu wanakaa kimya. Kukaa kimya naweza."

"Basi karibu."

Alikaa kimya kuliko Wakristo wote. Saa za sala zake alitandika mkeka barazani, kisha akarudi kuketi na wenzake kungoja matembezi.

Miaka hiyo ndiyo Padre aliyoitamani baadaye. Alikumbuka mistari ya wanawake wakipanda asubuhi na ukungu, wakivua viatu kuvuka mfereji. Alikumbuka vicheko vilivyozuiliwa, kwa kuwa kicheko hakikuruhusiwa mpaka siku ya kufunga. Hakuwahi tena kuongoza mafungo ambayo watu waliyataka hivyo.

Wazee wa Jitegemee waliomba kurudi. Walisikia kwamba katika wilaya nyingine watu walikuwa wanarudi kimyakimya bila kuulizwa. Katibu Eliufoo aliyapeleka maombi yao mwenyewe, maana naye alikuwa amezika mtoto huko chini, na alirudi na jibu kwamba Irongo imeshapangiwa kazi. Patapandwa miti ya mbao. Mwezi uliofuata walikuja vibarua kutoka Lindi, Kigoma na Singida, wakajenga kambi juu kidogo ya mfereji. Msimamizi wao aliitwa Sefu. Alimkuta Padre akigeuza mbegu za mahindi.

"Shikamoo, Padre."

"Marahaba, mwanangu. Poleni na safari."

"Tumeshapoa. Ila huu moshi, Padre, unawasumbua vijana macho. Wanakosea mistari. Ni wa nani?"

Padre alimwonyesha mmoja mmoja. Huu wa Mwanamkasi, ule wa Mama Method, na ule mwembamba wa mkwewe Jenoveva. Akamweleza kwamba wenyewe wako chini, na kwamba moshi hupanda wanapopika. Sefu alisikiliza akiitikia kwa kichwa.

"Basi naomba utuombee kwao wapike mapema. Sisi kazi tunaanza saa moja."

Padre alichukua fimbo akateremka. Mama Method alikuwa anachambua maharage. Alisikiliza ujumbe wote bila kuinua macho.

"Hao vijana wametoka mbali?"

"Mbali sana. Wengine Lindi."

"Nao wameletwa?"

"Wameajiriwa."

"Wanapanda nini?"

"Misonobari."

"Inaliwa?"

"Hailiwi, Mama Method."

Alipuliza maganda kwenye ungo, akafikiri.

"Waambie tutawahisha," alisema. "Haidhuru. Macho ni macho."

Kuanzia wiki ile Jitegemee nzima ilipika kabla ya jogoo wa pili, watoto wakala makande yaliyopoa shuleni, na saa moja moshi wa Irongo ulipokuwa umekwisha, vijana wa Sefu waliingia wakachimba mashimo kwa mistari iliyonyooka. Moja walilichimba katikati ya mafiga ya Mama Method. Sefu alimweleza Padre kwamba hapo udongo ulikuwa laini, wenye majivu mengi, na kweli mche wa hapo ulishika upesi kuliko yote.